Springi mpya ya bastola kuukuu
Bastola yangu ya Makarov, muundo ulioingia katika jeshi la Kisovieti mwaka wa 1951, ilikuwa ikinipiga kiganja kwa ukali hata nikaushuku mkono wangu, kumbe springi inayouzunguka mtutu ilikuwa imechoka. Kwa kuwa mtutu wenyewe hausogei wala haufungamani na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka), ni hasa uzito wa slaidi na springi hiyo vinavyopunguza kishindo cha kurudi nyuma. Fundi mwenye leseni hapa Nakuru aliilaza kando ya mpya, nayo ikaonekana fupi kwa upana wa kidole. Kisha akaivalisha mpya akitanguliza ncha inayobana. Springi ngumu zaidi ya hiyo niliikataa, kwani slaidi ingeweza kukwama. Jumamosi nilipiga risasi nane mfululizo, na kiganja hakikuwaka.