Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi ya Maneno Saidizi Hapa Nakuru

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai, uji wa mtoto, sare, basi la shule. Kufikia saa moja na nusu niko mezani. Majirani wa hapa Section 58 wananiona nimeinamia laptopu mchana kutwa, na wengi wameshaamua kwamba nawaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Kazi yangu ni nyingine. Nawasaidia wenye biashara wapatikane Google. Mkulima wa Molo akiandika swali kwenye simu yake usiku, na mteja wangu awe na jibu la kweli, mimi ndiye wa kuhakikisha wawili hao wanakutana.

Saa mbili. Nafungua Search Console ya duka moja mjini linalouza pampu za maji za sola. Chombo hiki Google hukitoa bure, nacho hukuonyesha watu waliandika maneno gani ukurasa wako ukajitokeza, wangapi walibofya, na ulikuwa nafasi ya ngapi, hadi miezi 16 nyuma. Ukurasa wetu uliandikwa zamani kwa neno kuu moja tu, yaani lile tunalotaka ukurasa upatikane kwalo: "pampu ya maji ya sola". Kila muuzaji nchini analigombania, na sisi tuko ukurasa wa tatu, ambako ni wachache sana hufika. Ila nikishuka kwenye orodha nayaona maswali mengine yaliyotuonyesha kwa mbali, watu wakapita: "pampu ya sola bila betri", "pampu ya sola ya kisima kirefu", "pampu ya kumwagilia ekari moja", "bei ya pampu ya sola Nakuru".

Hayo ndiyo maneno saidizi, yaani maswali ya karibu yanayolizunguka neno kuu, na ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote. Wengi huyachukulia kama mapambo ya kunyunyiza baada ya kuandika. Mimi naona watu. Anayeandika "bila betri" ameshasikia bei ya betri akaogopa. Anastahili kuambiwa kwamba pampu nyingi za sola huendeshwa na paneli moja kwa moja, na kwamba badala ya kuweka umeme kwenye betri unaweka maji kwenye tangi lililoinuliwa. Anayeuliza kuhusu kisima kirefu anastahili kuonywa kabla hajatoa pesa: pampu inayokaa juu ya ardhi hainyonyi maji yaliyo chini zaidi ya mita kama saba, na huku kwetu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hata hizo saba hazifiki, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Kisima chake kikiwa kirefu kuliko hapo, anahitaji ile ya kuzamishwa majini. Kwenye ukurasa wa zamani hapakuwa na neno hata moja kuhusu haya.

Saa nne nampigia fundi wa duka, ananithibitishia kila kitu, naandika.

Saa tano, simu ya mwenye duka.

"Binti yangu, nimesoma ulichonitumia jana. Mbona jina la bidhaa umelitaja mara chache hivi?"

Namweleza. Hakubali. Anataka "pampu ya maji ya sola" iwe katika kila sentensi. Halafu kuna rafiki yake aliyemshauri aorodheshe miji yote chini ya ukurasa, Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo, Kericho, kwa herufi nyeupe kwenye ukurasa mweupe, ili msomaji asione lakini Google ione. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba yote mawili, kujaza neno moja kupita kiasi na kuficha maandishi, yametajwa waziwazi katika kanuni za Google dhidi ya taka za mtandaoni, na kwamba ukurasa unaweza kushushwa au kuondolewa kabisa.

"Sawa. Na ile sehemu ya ndani ya tovuti, ya kuandika maneno muhimu?"

"Mzee, Google walitangaza mwezi wa tisa mwaka wa 2009 kwamba hawaiangalii katika kupanga nafasi."

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza upya. Kuna kijana amemwahidi nafasi ya kwanza kwa wiki moja. Mimi kwa nini siahidi? Hapa hasira ilinipanda, maana ahadi hizo ndizo zinazofanya watu wasituamini. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Nikamwambia pia kuhusu BERT, mfumo walioanza kuutumia mwaka wa 2019, na kabla mwaka haujaisha ukafika katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. Unasoma sentensi nzima na maana yake. Kurudia neno mara arobaini hakuuongezei chochote.

Mwishowe nikamuuliza: "Mzee, mkulima akiingia dukani akuulize kama pampu itafanya kazi bila betri, utamjibu kwa kumtajia jina la pampu mara tano?"

Akacheka. Kisha akaanza kunieleza wanachouliza wateja wake pale kaunta, na hapo ndipo simu hiyo ndefu ilinilipa. Akasema watu wa Molo humuuliza kuhusu mawingu ya mwezi wa saba. Nikaandika haraka: "pampu ya sola wakati wa mawingu". Jibu ni kwamba maji hupungua, hivyo tangi liwe kubwa la kutosha siku kadhaa.

Nilipokata simu saa sita ilikuwa imepita, na stima ikapotea. Chapati na madondo kutoka kibandani, bando ya simu, betri ya laptopu inashuka.

Mchana ukayeyuka katika kupanga. Neno kuu likabaki kwenye kichwa cha ukurasa na sentensi za mwanzo. Bila betri, kisima kirefu, ekari moja na mawingu yakawa vichwa vidogo, kila kimoja na jibu kamili chini yake. Picha ya pampu ikapata maelezo ya kinachoonekana. La bei sikuliingiza, kwa sababu duka tayari lina ukurasa wa bei, na kurasa mbili za tovuti moja zikijibu swali lile lile huishia kushindana. Niliweka kiungo tu, chenye maneno "bei ya pampu ya sola Nakuru". Macho yaliuma, mgongo uliuma, mtoto alirudi na hesabu za kugawanya, tukazifanya, nikarudi kusoma ukurasa kwa sauti mpaka kila sentensi ikasomeka kama mtu anayezungumza.

Jioni nimeuchapisha. Ujumbe wa mzee ukaingia kwenye WhatsApp: niongeze pia matangi ya maji humo humo. Nimemjibu kwamba tangi lina neno lake kuu na maswali yake, la lita ngapi, la kusimama juu ya nini, linadumu miaka mingapi, na linastahili ukurasa wake, utakaounganishwa na huu. Amekubali bila ubishi, na ametuma orodha ya bei za matangi yote aliyonayo. Kesho naanza nayo.