Jinsi nilivyotatua kukwama kwa risasi katika bunduki kongwe ya wenzo

Siku chache kabla ya kwenda kuwinda kulungu, bunduki yangu kongwe ya wenzo (mkono wa chuma unaoshushwa na kupandishwa ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine), inayotumia risasi za .30-30 zilizoanza kuuzwa mwaka 1895, ilikataa kuleta risasi ya pili: nilishusha wenzo, ganda likatoka, lakini chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ikabaki tupu. Nilibadilisha aina ya risasi, kisha springi, bila mafanikio. Kuongeza mafuta kulizidisha hali.

Hatimaye, baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi hata moja, nilifungua skrubu iliyo mwisho wa bomba la risasi chini ya mtutu, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, huku nimeziba tundu kwa kidole gumba kwa sababu springi huruka kwa nguvu. Ndani mlikuwa na grisi ya zamani iliyoganda kama nta. Niliilainisha usiku kucha kwa dawa ya kusafishia mitutu, nikasugua, na kilicholeta tofauti ni kurudisha springi na kisukumio chake vikiwa vikavu kabisa, maana mafuta ndani ya bomba hunasa masizi na kuganda upya. Nilijaribu kwanza kwa risasi bandia, kisha kwa zile halisi za ncha bapa (ncha kali ni hatari, kwa kuwa hugusa fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako, cha risasi iliyo mbele), na zote ziliingia bila kusita.