Nyanya hatuna leo

Kijana wangu alikuwa mezani na kazi ya ziada ya Kiswahili, mimi napepeta mchele. Akauliza bila kuinua kichwa: "Mama, mtu akikwambia shikamoo unamjibu aje?"

Nilicheka hadi ungo ukaniponyoka, mchele ukatapakaa sakafu nzima. Baba yake akafungua mdomo amjibu, nikamkataza. Jibu hilo ni langu. Nililinunua Ujiji mwaka 2011, na bei yake ilikuwa aibu.

Safari yenyewe nimeisimulia mpaka ikachakaa. Basi kutoka Nairobi hadi Dar, kisha treni ya Reli ya Kati, wanafunzi wa historia tukiifuata njia ya misafara ya kale huku tumekaa vitini. Asali Tabora, ambako mabehewa ya Mwanza yalikatwa yakaenda zake, chumvi Uvinza, na mgongo ambao tangu Dodoma ulikuwa umekataa kunitii. Kigoma tukateremka alasiri. Chuo kilikuwa kimetugawa kwenye nyumba za watu, mmoja mmoja, kule Ujiji. Wenzangu waliogopa malaria, waliogopa choo cha shimo, waliogopa ziwa. Mimi sikuogopa kitu. Hata hii safari ya "nje ya nchi" niliiona kama mzaha, maana lugha si ni moja? Kidato cha nne nilipata A ya Kiswahili.

Dada aliyenipokea stesheni aliniingiza uani, akarudi nje kufuata begi langu. Chini ya mwembe, juu ya mkeka, alikaa mama mzee, kanga moja kiunoni na moja kichwani, ungo mapajani, anachambua dagaa. Nikasimama mbele yake na tabasamu langu lote la Nairobi.

"Nyanya, habari yako?"

Hakujibu. Kidole gumba kiliendelea na kazi: kichwa cha dagaa huku, mwili kule, kichwa huku, mwili kule. Magamba yalikuwa yamemganda kwenye kucha, yanameta kama amepaka rangi ya fedha. Nikadhani ni masikio, umri umekwenda. Nikainama, nikapaza sauti.

"Nyanya! Habari yako?"

Akaniinulia macho, na yalikuwa macho ya huruma kabisa. "Nyanya hatuna leo, mwanangu. Labda uulize pale gengeni."

Kwetu nyanya ni mama yake mama. Kule ni ile ya kachumbari. Na bibi, ambalo ndilo neno nililokuwa nalihitaji, kwetu ni mke wa mtu, kwa hiyo hata kama ningelikumbuka nisingethubutu.

Nilikuwa bado natafuta pa kutokea alipoingia mtoto kutoka shule, miaka kama sita hivi, soksi moja juu nyingine chini. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo." Kisha akanigeukia mimi, heshima tele: "Shikamoo dada."

Neno nilikuwa nalijua. Nililijua kitabuni, na mtihanini nililijazia nafasi yake bila kukosea. Ila hakuna binadamu aliyewahi kuniambia mimi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Poa."

Mtoto akamtazama bibi yake kama mchezaji anavyomtazama refa. Bibi akauweka ungo chini. Hapo nikajua nafukuzwa, na begi lenyewe bado halijaingia.

"Rudi mlangoni," akamwambia mtoto. "Uingie tena."

Mtoto akatoka. Akaingia. "Shikamoo dada." Bibi akanikazia macho, midomo yake ikitamka bila sauti. "Marahaba," nikasema, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenziwe.

"Tena."

Akatoka, akaingia. Mara ya tatu alikuwa anakuja mbio, viatu mkononi, shikamoo ameianzia barabarani, na marahaba yangu ikamkuta hata hajafika mlangoni. Bibi alicheka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaupigapiga mkeka kando yake. "Haya, kaa. Hawa hawajichambui."

Nikakaa. Nikawaita omena, jina la dagaa kwetu. Hilo nalo lilisahihishwa.

Usiku, ndani ya chandarua, ndipo nilipogundua kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimemwamkia. Nilipewa shikamoo tatu nzima, sikutoa hata moja, na yule mzee hakunidai. Asubuhi nilimfuata jikoni, nikainama, nikaitoa.

"Marahaba, nyanya," akasema, wala hakucheka. Jina likanikaa mpaka siku ya kuondoka.

Siku hiyohiyo tulipelekwa kwenye makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, palepale Ujiji. Mhadhiri akatusimulia jinsi Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, alivyomkuta mwaka 1871, na ile salamu yake inayojulikana dunia nzima: "Dr. Livingstone, I presume?" Lakini kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyemwamkia yeye kwanza siku ile alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, tena kwa Kiingereza. Yaani mwenyeji ndiye aliyeufunza ulimi wake salamu ya mgeni. Na kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zilichanwa, hazipo, ndiyo maana wako wanaoshuku kama aliyatamka kweli maneno yale. Wenzangu walimcheka. Mimi nilimwelewa. Ningekuwa na wa kwangu ukurasa, ningeuchana.

Tukirudi, ubishi ukawaka ndani ya treni kama neno shikamoo linanuka utumwa, kushika mtu miguu. Mji tuliotoka ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa, kwa hiyo hoja haikukosa pa kusimama. Nilinyamaza. Kila nilipotaka kuikubali nilimwona yule mtoto anakuja mbio na viatu mkononi.

Basi nikamwambia kijana wangu: marahaba. Akaandika. Asubuhi, tunapita getini, akasimama mbele ya soja wetu, mzee wa watu, akamwambia shikamoo kwa sauti ya darasani.

Soja akainua rungu kwa furaha. "Poa sana, bosi!"

Kijana akanigeukia. Mimi nilikuwa natafuta nauli mkobani.