Mradi wa utando wa mtungi: kontroli imetoka safi, na mikwaruzo imenipa kazi mpya

Huu mradi ni wa kupima utando, ule utelezi bakteria wanajenga ndani ya mtungi wa maji. Leo saa tatu usiku nimeweka vikombe viwili kwa meza chini ya taa, kimoja kina rangi iliyotoka kwa kipande kilichokaa siku 7 kwa maji, kingine ni cha kontroli, yaani kipande cha kulinganisha kilichokaa kwa maji ya kuchemsha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze huu mradi kile cha kontroli kimebaki maji tu, rangi karibu hakuna, huku mwenzake ni zambarau kabisa ile ya mtoto aliyepakwa GV, ile dawa ya zambarau, mdomoni. Nimekaa nikaviangalia karibu dakika kumi. Wiki tano zimeenda kwa hiki kikombe kimoja jameni.

Utaratibu nilishaueleza kwa hivyo naupitia haraka. Vipande vya sentimita 2 kwa 5 kutoka mtungi wa njano wa lita 20, ule wa mafuta ya kupikia, vinaning'inia kwa mshipi wa kuvulia samaki ndani ya chupa za jam, vinakaa kwa maji, vinatoka, vinasuuzwa, vinalowekwa kwa GV dakika 15, vinasuuzwa tena, halafu rangi iliyobaki kwa utando inayeyushwa na spiriti na hiyo spiriti ndio napiga picha. Rangi nyingi, utando mwingi. Na kama kuna mtu bado anaulizia krista vayoleti, rangi ya maabara, kwa bei ya kuumiza, tafadhali, GV ya duka la dawa ndio hiyo hiyo krista vayoleti, kemia ni moja, kinachotofautiana ni ukali tu.

Sasa shida. Kontroli ilikuwa inatoka zambarau. Mwanzo nililaumu maji ya kuchemsha, nikasema labda yanaingiwa na bakteria yakipoa, nikafunika, nikachemsha mara mbili, bado. Ndio nikachukua kipande ambacho hakijawahi kugusa maji ya bakteria hata sekunde moja, nikakiosha, nikakipaka GV moja kwa moja. Zambarau. Hapo nikajua bakteria hawahusiki, rangi inashika plastiki yenyewe, na vipimo vyangu vyote vya wiki mbili za kwanza havina maana, nikavifuta kwa daftari na roho ikiuma.

Kitu cha kwanza nilichorekebisha ni ukali wa GV. Chupa yangu imeandikwa 0.5%, na maabara hutumia 0.1%, kwa hivyo sehemu moja ya GV kwa sehemu nne za maji. Ikasaidia kidogo. Cha pili ni mafuta, mtungi wa mafuta hata ukionekana msafi bado uko na kautando ka mafuta, so nikaosha na sabuni ya vyombo na maji moto mara tatu. Ikasaidia kidogo tena. Cha tatu ni siki, mwanzo nilikuwa nayeyushia rangi na siki ya jikoni juu nilisoma kwamba maabara wanatumia asidi ya asetiki, lakini yao ni 30% na ya jikoni ni 5%, rangi nusu ilikuwa inabaki kwa kipande. Spiriti inaitoa yote kwa dakika kumi. Msipoteze siki yenu.

Katikati ya hayo kukaingia shida nyingine ya upande wa pili, vipande vya siku 7 vilikuwa vinatoka na rangi kidogo kuliko vya siku 4, na hiyo haiingii akilini. Nilikuwa nasuuza chini ya mfereji. Siku moja nikaangalia chini kwa sinki nikaona vijingozi vidogo vya zambarau vimekwama kwa kichujio, vyepesi, vinajikunja kama ganda la kitunguu. Ule ndio utando wenyewe! Nilikuwa naumwaga mwenyewe. Tangu hiyo siku ni besheni tatu, unatumbukiza kipande polepole na kukitoa, mara tatu, hakuna maji ya kumwagika kwa nguvu.

Lakini kontroli bado ilikuwa na rangi. Sasa nilikuwa nalala naiwaza. Jumanne nikaenda kwa fundi wa simu pale Kondele ninapopitia kila siku.

"Fundi, niazime hiyo lenzi ya jicho nusu saa tu."

"Chukua, lakini irudi kabla nifunge. Bila hiyo mimi sina kazi kesho."

Nikakaa kwa benchi yake na kipande cha kontroli kilichopakwa, nikakiweka kwa mwanga. Uso wa kipande ulikuwa safi, njano tupu, hakuna kitu. Rangi yote ilikuwa kwenye kingo nilizokata na msumeno, pale plastiki imechanika ikaacha nyuzinyuzi, na ndani ya mikwaruzo, mistari membamba ya zambarau imenyooka upande mmoja, mingine imekatana, kama ramani ya vichochoro vya Nyalenda. GV ilikuwa imejificha humo na hakuna kusuuza kunaitoa. Kuyeyusha na spiriti ndio kunaitoa, kwa hivyo inaingia kwa kipimo.

Dawa ya kingo ilikuwa rahisi, unapitisha kila ukingo juu ya mshumaa sekunde chache mpaka plastiki ing'ae na kulainika, ukizidisha inapinda. Dawa ya mikwaruzo ni kukata vipande kutoka shingoni mwa mtungi ambapo hakuna mikwaruzo. Nilijaribu kila kitu peke yake ili nijue kilichosaidia ni kipi, na kingo ndizo zilikuwa kubwa kushinda ukali wa GV na mafuta zikiwekwa pamoja. Leo nimeunganisha yote na kontroli imetoka safi.

Kidogo kuhusu vifaa kwa sababu kuna mtu atauliza. Adui wa kupima rangi na simu ni simu yenyewe, inajirekebishia mwanga kila picha, kwa hivyo zima kila kitu cha otomatiki ama usijisumbue. Mimi napigia ndani ya katoni iliyobandikwa karatasi nyeupe, na balbu ya chaji, maana stima ikipotea katikati ya vipimo na ukamalizia na mwanga wa dirisha, hiyo seti imekufa. Kusoma rangi kwa picha natumia programu ya ImageJ, ni ya bure, inafanya kazi hata kwa laptop yangu ya zamani, na naangalia chaneli ya kijani. Sioni haja ya kununua app yoyote. Na chupa zote zinalala na klorini usiku mzima kabla sijamwaga, glavu ni lazima, na hakuna chombo cha huu mradi kinarudi jikoni, hujui umeotesha nini humo.

Haya, matokeo. Maji ya mfereji yaliyokaa kwa mtungi siku mbili, halafu kwa chupa: siku ya 1 na ya 2 karibu hakuna tofauti na kontroli, siku ya 3 rangi kidogo, siku ya 4 inaruka, halafu mpaka siku ya 7 inapanda taratibu tu. Nikiona huo mruko wa siku ya 4 mwili unanisisimka, kwa sababu ndio picha kila mtu anatafuta kwenye mambo ya akidi, yaani bakteria kupeana habari kwa kemikali na kungoja wawe wengi ndio wafanye jambo pamoja. Lakini nisiwadanganye, bakteria wanaogawanyika kawaida tu, mmoja wawili, wawili wanne, pia watakupa mruko kama huo. Mchoro wangu hauthibitishi kwamba wanaongea.

Kwamba wanaongea kwa jumla hilo halina shaka. 1970 wanasayansi Nealson, Platt na Hastings walionyesha kwamba bakteria wa baharini wanaotoa mwanga hawawaki wakiwa wachache, wanamwaga molekuli ndogo majini, na molekuli zikifika kiasi fulani ndio wote wanawaka, na ukiwapa wachache maji yaliyotumiwa na wengi wanawaka mapema. Neno la kuhisi akidi lenyewe lilikuja 1994. Na kwa kweli Kiswahili kinalibeba vizuri kushinda lugha nyingi, mtu yeyote amekaa kwa chama anajua akidi ni nini, watu wamefika lakini hesabu haijatimia basi hakuna kitu kinaamuliwa, anaingia mmoja wa mwisho na kikao kinaanza. Bakteria hahesabu vichwa, anapima molekuli zilizojaa karibu naye. Hapo ndipo kuna ujanja wote: molekuli zikisombwa na maji, hata mkiwa wengi mtajiona wachache.

Na kila aina ina uamuzi wake. Bakteria anayeitwa Pseudomonas aeruginosa akidi ikitimia anajenga, 1998 watafiti walionyesha kwamba yule aliyeondolewa ishara yake, yaani hizo molekuli, anatengeneza utando bapa, unaong'oka kwa sabuni, wakati mwenye ishara anajenga minara minene. Kipindupindu ni kinyume, na hii ndio inanifanya nisiache huu mradi. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, wakiwa wachache ndio wanajishika na kutengeneza ute, wakiwa wengi ishara zinazima ute na wanaachana, wanatoka kwenda kutafuta pengine. Mtu wa Kisumu akisikia kipindupindu anafikiria mvua ndefu na maji ya visima kuchanganyika na ya vyoo, si vitabu, na mimi nikifikiria kwamba huyo mdudu anaamua kukaa ama kuondoka kwa kupima kemikali, naona ni kitu kila mtu wa huku angefaa kukijua.

Mpango wa wiki hii ulikuwa klorini. Kulinganisha dozi ya kawaida ya maji ya kunywa kwenye bakteria wanaoelea na kwenye utando wa siku 7, kwa sababu ute unazuia dawa, Leeuwenhoek mwenyewe, yule Mholanzi wa darubini, huko Delft karne ya 17 aliona siki ikiua wale wadudu wa nje tu kwenye uchafu wa meno yake na haifiki ndani. Hata klorini nilikuwa nimeshaipima. Halafu jana jioni nikamsimulia dani, nyanya yangu, mambo ya mikwaruzo.

"Nyakwara," yaani mjukuu wangu, "hiyo mikwaruzo ni yangu," akasema. "Kila Jumamosi naweka mchanga na maji ndani ya mtungi natikisa mpaka utelezi uishe. Mama yangu pia alikuwa anafanya hivyo."

Na utelezi unaisha kweli, nimeangalia na lenzi, mchanga unautoa kushinda kusuuza kwote. Lakini unaacha mistari. Na nikakumbuka kazi ya 2016 ya watafiti wa chuo cha Princeton, Marekani, Bonnie Bassler na wenzake: walipitisha maji juu ya utando na mkondo ukasomba ishara, mazungumzo yakazima, lakini ndani ya mashimo na nyufa, mahali mkondo haufiki, ishara zilibaki zimejaa na bakteria wa humo waliendelea kuona akidi imetimia. Sasa mkwaruzo wa mchanga ni nini kama si ufa? Ile mistari iliyoniharibia kontroli wiki tano huenda ndio mahali kikao kinakaliwa, hata mtungi ukijazwa na kumwagwa kila siku.

So klorini imengoja. Sasa hivi niko na aina mbili za vipande, vya shingoni vilivyo laini na vile vile vya shingoni nilivyotikisa na mchanga dakika tano ndani ya chupa, na hali mbili, maji yaliyotulia na maji yanayotembea. Ya kutembea natumia mpira mpya wa dripu na ndoo juu ya kabati, matone karibu moja kwa sekunde, maji ni yale yale kila upande. Shida naiona kutoka mbali: vipande vyenye mikwaruzo vitashika GV vyenyewe, kwa hivyo kila siku lazima kuwe na kontroli yenye mikwaruzo ya mchanga huo huo, niitoe kwenye kipimo. Na hata nikipata rangi zaidi kwenye mikwaruzo sitaweza kusema ni ishara, huenda ni kwa sababu wamejikinga wasisombwe ama sehemu ya kushika ni kubwa zaidi. Ila nikiona tofauti ya laini na mikwaruzo ni kubwa kwenye dripu kuliko kwenye maji tulivu, nitakuwa na sababu ya kutafuta njia ya kupima ishara zenyewe.

Shida ya usiku huu ni dripu ya pili, inasimama kila baada ya nusu saa, nafikiri kuna hewa kwenye mpira. Nimeigonga na kidole, imeanza tena. Naweka alamu ya saa saba na ya saa kumi niangalie, na kipande cha kwanza kinatoka kesho saa tatu usiku.