Sauti Iliyosimama Kati ya Vibao Viwili

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta stesheni kwenye redio ya zamani, na kila alipousogeza mkono karibu na antena, mkoromo wa spika ulibadilika. "Baba," akaniuliza, "redio inanionaje?" Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa swali lake lilinirudisha kwenye onyesho nililohudhuria na dada yangu, miezi michache baada ya kumzika mama.

Tulikuwa tumemfuata mpiga piano wa jazi. Sehemu ya kwanza, iliyokuwa na ondes Martenot, ala ya Kifaransa ya mwaka 1928 ambayo mpigaji huteleza juu yake kwa pete iliyofungwa kwenye uzi, imenitoka karibu yote. Kisha akaingia mwanamke mmoja, akasimama mbele ya theremini bila kuigusa.

Ala hiyo, iliyobuniwa na Mrusi Leon Theremin yapata mwaka 1920, haiguswi kamwe. Mkono wa kulia ukikaribia antena iliyosimama wima, sauti hupanda, yaani huwa nyembamba zaidi. Wa kushoto ukishuka juu ya antena iliyopindwa kama kitanzi, sauti hufifia. Ndani ya sanduku mna mitetemo miwili ya umeme, yote ya kasi mno kwa sikio la binadamu. Mwili wa mpigaji huubadilisha mmoja, na tunachokisikia ni tofauti iliyopo kati yake na mwenzake. Ndiyo maana yule mwanamke alisimama kama aliyezuia pumzi.

Mpiga piano alikuwa katikati ya wimbo wa polepole wa bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi. Sauti ya theremini ikapanda kutoka re, ikaipita mi iliyoshushwa nusu sauti, na kabla haijaifikia mi yenyewe ikasimama, mahali ambapo waimbaji wa bluzi hupajua sana lakini piano, pamoja na vibao vyake vyote 88, haina pa kupagusa. Mpiga piano akainua mikono, akasubiri. Sauti ile ilibaki hewani, ikitetemeka kidogo, kwa muda ambao hadi leo siwezi kuukadiria. Ndipo akavibonyeza kwa upole vibao vyote viwili kwa pamoja, cha chini yake na cha juu yake, kama wapiga piano wa jazi wafanyavyo wanapoitafuta sauti hiyo, na mwanamke akaushusha mkono wa kushoto taratibu mpaka sauti yake ikazama ndani ya ile ya piano.

Dada yangu alinishika mkono. Tangu mazishi tulikuwa tumezungumzia gharama na nyaraka tu, na hata usiku ule tulirudi nyumbani kimya. Sijawahi kumwuliza alisikia nini.

Nilimweleza binti yangu kwamba redio haimwoni, bali mwili wake huugusa umeme wa antena kwa kuwa karibu nao tu. Aliporudi kwenye stesheni zake, nilimpigia simu shangazi yake, ingawa sikuwa nimeamua nitamwambia nini.