Jumatatu ya soko, That Phanom

Saa 11 na nusu alfajiri. Mama mwenye nyumba ameshabandika wali wa kunata. Huku Thailand wanaupika kwa mvuke, ndani ya kikapu cha mianzi kilichochongoka chini na kukalia sufuria ya maji, na harufu yake inanifuata mpaka kitandani. Mimi ni mtu wa Kyela, mchele ndiyo sifa yetu, na sikutegemea kupenda wali wa watu wengine. Huu naupenda. Unafinyanga tonge dogo kwa vidole, unachovya kwenye pilipili, basi.

Jana usiku mama aliniambia nijiandae "song mong chao". *Song* ni mbili. Yaani saa mbili asubuhi, vilevile tunavyohesabu sisi! Wazee wa huku huanza kuhesabu upya saa 12 alfajiri, na saa 12 jioni tena: saa mbili usiku ni "song thum". Kama umewahi kumweleza mgeni saa za Kiswahili akakutazama kama umechanganyikiwa, utaelewa kwa nini nilimkumbatia mama siku nilipoligundua hilo.

Saa 1 na nusu. Nateremka kwa miguu hadi mtoni. Niko hapa kwa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu biashara ndogondogo za mpakani, na hapa That Phanom, mkoa wa Nakhon Phanom, kaskazini mashariki mwa Thailand, soko la Walao na Wathai hukaa Jumatatu na Alhamisi tu. Nyuma yangu ni mnara mweupe wa hekalu, una urefu wa mita zipatazo 53. Uliporomoka tarehe 11 Agosti 1975 baada ya mvua nyingi, ukajengwa upya na kukamilika 1979. Mbele yangu ni Mekong ya Julai: imejaa, ina rangi ya udongo, inasukuma matawi na magugu. Ng'ambo ni Laos, na mto Xe Bang Fai unamwaga maji yake pale pale tulipoelekeana.

Saa 2. Boti zinaanza kufika. Wanaoshuka ni wanawake kwa wingi, wamevaa sketi za kufuma zenye pindo la rangi, kila mmoja na viroba vyake. Wanapanga foleni na vibali vya kuvukia mkononi, halafu wanapandisha ngazi kwa haraka kuwahi nafasi. Wageni kama mimi hatuvuki hapa. Sisi tunapaswa kwenda mpaka penye daraja, kama lile la Nakhon Phanom, zaidi ya kilomita 60 kaskazini. Daraja lile lilifunguliwa tarehe 11 Novemba 2011. Malori yanapita kule. Viroba vinapita hapa.

Saa 3. Sasa ndiyo soko. Wathai wana meza na miavuli: nguo, sufuria, ndala, vyombo vya plastiki. Walao wametandika turubai chini, na ukitaka kuona wanachouza lazima uchuchumae. Machipukizi ya mianzi. Vyura waliofungwa kwa kamba. Samaki wa kuchachusha kwenye ndoo. Mizizi na magome ya dawa, yamefungwa mafungu mafungu. Bibi mmoja anatafuna tambuu, midomo myekundu kabisa, na popoo zake zimepangwa mbele yake kama nilivyowahi kuona Tanga.

Nakaa na mama mmoja ninayemwita *pa*, yaani mama mkubwa. Yeye huniita *la*, kitindamimba. Kabla ya lolote ananiuliza: "Kin khao laew bo?" Umeshakula wali? Ndiyo salamu yenyewe. Leo ameleta uyoga, nami nilipouona nikanyamaza kidogo. Ni uyoga wa kichuguu. Kofia ya kijivu yenye ncha katikati, na chini ya shina kuna mzizi mrefu mwembamba, bado una udongo mwekundu. Mzizi ule unashuka mpaka kwenye nyumba ya mchwa. Ukiuvuta kwa pupa unakatika. Lazima uchokonoe taratibu kwa kijiti. Bibi yangu alinifundisha hivyo. Namwonyesha pa kwa vidole jinsi tunavyochokonoa, naye anaita wenzake watatu waje waone.

Mteja wa Kithai anapatana naye bei bila mkalimani. Watu wa eneo hili, Isan, wanazungumza lugha moja na ng'ambo. Kwa kweli wasemaji wa Kilao ni wengi zaidi upande wa Thailand kuliko Laos yenyewe. Mto huu uligeuzwa kuwa mpaka wa nchi mwaka 1893, Siam (Thailand ya zamani) ilipolazimishwa kuwaachia Wafaransa ukingo wa kushoto. Nimezaliwa karibu na mto Songwe, Wanyakyusa huku na Wangonde kule Karonga, Malawi, tunasikilizana tangu salamu hadi msibani. Sihitaji kuelezwa hapa kuna nini.

Mteja amelipa, ila haondoki. "Thaem, thaem!" Anataka nyongeza. Pa anaguna, anaongeza uyoga mmoja mdogo, mteja anacheka na kwenda zake.

Saa 5. Hapa ndipo karatasi yangu ya maswali iliposhindwa. Nilikuwa na safu mbili: "muuzaji (Laos)" na "mnunuzi (Thailand)". Pa amemaliza uyoga, anakunja turubai, ananipa kiroba nimshikie, na sasa yeye ndiye mteja. Sabuni ya unga, mafuta ya kupikia, sukari, ndala mbili za watoto, kamba ya nailoni. Anabana bei kuliko yule aliyemdai nyongeza. Tunapofika mwisho wa meza amebakiza noti chache tu za bahti, pesa ya Thailand.

Namuuliza kwa nini harudi na pesa. Anasema pesa ya nyumbani inayeyuka, sabuni haiyeyuki. Pesa ya Laos, iitwayo kip, ilianguka vibaya kuanzia 2022, na nyumba yake iliusikia mwanguko huo katika kila kopo la mafuta. Kumwandika huyu kama muuzaji peke yake ni kumwandika nusu. Nimezifuta safu zote mbili. Kuanzia Alhamisi nitaandika kila mtu alikuja na nini na akaondoka na nini.

Saa 6 mchana. Mawingu yametanda, boti zinapakiwa harakaharaka. Nambebea pa kiroba hadi ngazi ya mwisho. Naruhusiwa kuishia hapo.

Saa 8 hadi 11 jioni. Kuchapa maandishi ya daftari. Mvua nje.

Saa 1 usiku. Fungu la uyoga nililolinunua mama amelipika kwa maji ya majani ya yanang, pilipili na mrehani, mchuzi mwepesi wa kijani. Nusu nimemwomba niupike kikwetu, kwa karanga za kutwanga. Ananikodolea macho wakati namimina karanga sufuriani. Kisha anafinyanga tonge la wali, anachovya, anatafuna polepole, na kunyoosha mkono kuchukua kikapu kingine cha wali.