Siku moja Kengeleni, nikiwatembeza wageni Frere Town

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaamka. Leo wageni wangu ni saba: walimu wawili wa Voi na familia ya watu watano kutoka Tunduru, kusini mwa Tanzania. Baba wa familia aliniambia kwenye simu kwamba wao ni Wayao, na tangu hapo sijatulia. Miongoni mwa watumwa waliokombolewa baharini na kuletwa huku Frere Town, Mombasa, Wayao walikuwa wengi, pamoja na Wamakua na Wanyasa. Leo simsimulii mtu habari za mbali.

Saa moja, mahamri na mbaazi kwa mama wa jirani, kisha matatu. Makanga anaita "Kengeleni, Kengeleni!" na watu wanashuka wakikimbilia soko la Kongowea bila kuutazama mnara uliolipa kituo jina.

Saa mbili tunaanzia hapo mnarani. Wazee husimulia kwamba kengele iligongwa majahazi ya wauza watu yalipoonekana. Kisha narudi nyuma kidogo. Juni 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi, na waliookolewa hawakuwa na pa kuwekwa. Kwao kulikuwa mwendo wa miezi, na njiani walikuwepo wale wale waliowauza. Ndipo wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) wakanunua ardhi hii ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakaipa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyepigania mkataba huo, na kufikia mwaka 1875 watu walikuwa wanashushwa kwa mamia.

Mwalimu mmoja anauliza: je, hapa walikuwa huru kweli? Swali hili nalipenda, na silijibu kwa haraka. Walipewa viwanja, wakajifunza useremala na kusoma. Lakini pia waliamriwa saa ya kuamka, saa ya shamba, saa ya sala, na malalamiko ya viboko vya msimamizi mmoja yalifika hadi London mwanzoni mwa miaka ya 1880. Anayewatembeza watu hapa akaficha hilo, anawadhulumu waliochapwa.

Saa nne jua limekuwa kali. Tunakunywa madafu kivulini, nami nawaeleza habari za William Jones, kwani huyu ndiye ninayemwonea fahari. Aliuzwa akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa India, kwenye misheni ya Nasik karibu na Bombay. Mwaka 1864 alirudi pwani akafanya kazi kwenye misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, na mwaka 1885 Askofu Hannington akampa ushemasi. Mwaka huo huo waliongozana safari ya Uganda. Askofu akatangulia na wapagazi wachache, akauawa Busoga. Ni Jones aliyeurudisha msafara uliobaki hadi Rabai, wakitembea na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Vitabu vingi vinamkumbuka askofu. Mimi namkumbuka pia yule aliyewarudisha watu nyumbani wakiwa hai.

Saa sita tunafika Mkomani, kwenye kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Mjerumani Krapf, aliyefariki pamoja na mtoto wake mchanga Julai 1844, miaka thelathini kabla ya Frere Town kuanza. Hapa sisemi mengi.

Saa nane, baada ya wali na samaki, tunapita kwa bibi mmoja karibu na kanisa la Emmanuel. Huwa anapenda wageni. Mama wa bibi yake aliletwa na manowari akiwa msichana. Akabatizwa, na jina la ubatizo ndilo pekee lililobaki; la kwao hakuna anayelijua.

"Shikamoo bibi," anasema baba wa Tunduru.

"Marahaba mwanangu. Karibuni, ketini."

Tunaandaliwa chai. Mazungumzo yanakwenda kwenye chakula, watoto, bei ya nazi. Kisha bibi anasema kwamba nyumbani kwao, mtu akishiba alisema "sikomo" kabla ya kuinuka. Alidhani ni neno la mama yake tu, kama nyumba nyingine zinavyokuwa na maneno yao.

Baba wa Tunduru anaweka kikombe chini. "Bibi, hicho ni Kiyao. Ni asante."

Bibi anamtazama muda mrefu. Anamwomba alirudie. Analirudia. Binti mdogo wa familia naye analisema, kwa sauti, kama anavyolisema kwao kila siku.

Saa kumi na moja jioni nimewasindikiza kituoni. Daftarini nimeandika tarehe, na chini yake neno moja. Kesho nina wanafunzi ishirini, na bibi ameniagiza nisiwapitishe bila kuingia kwake.